Maiti Aliyempiga Mtani

Bukene, nilipokuwa bado sijaota ndevu, fahali mmoja alimpasua tumbo mchungaji. Wanaume wakamzunguka yule ng'ombe kwa mashoka. Hawakumchinja, walimkatakata akiwa amesimama, na alipopiga magoti wakaendelea. Mimi niliikanyaga damu, ikaingia kati ya vidole, na siku mbili nilikuwa nanusa miguu yangu. Nyama ililiwa, nami nilikula, sitasema uongo. Kaka yangu aliomba kipande cha ngozi, akawamba ngoma. Kwa ngoma hiyo akajulikana, akaitwa Tabora kuimba katika mchezo wa mtaa wa Gongoni, nami nikamfuata.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani. Ukumbi ulikuwa wa bati, mabenchi ya kuazima kanisani, na kila mwaka baada ya mavuno waliimba safari ya wapagazi kwenda pwani. Watu walizijua nyimbo zote. Ukikosea neno, mama mmoja huko nyuma anakusahihisha. Kiongozi wa msafara hufa njiani, lakini siku zote alifia nyuma ya pazia. Mwaka ule kaka ndiye aliyekuwa kiongozi, akakataa. Alitaka kufa mbele ya watu, abebwe kwenye machela, aimbiwe.

Alikuwa na sababu. Alikuwa ameposa binti wa mtaa wa Ipuli, na baba wa yule binti, mzee wa kanisa, alisema hawezi kumpa binti yake mpiga ngoma asiyemjua. Angekuja kwanza kumtazama. Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada, mzee akakaa benchi la mbele, kofia magotini.

Kaka akafa vizuri. Tukambeba watu wanne, mimi nikiwa mbele kulia, tunaimba. Wanawake walikuwa wanalia kweli. Hapo akainuka Mgogo mmoja, fundi wa reli, mgeni mjini, akapanda jukwaani, akajilaza chini mbele ya miguu yetu.

"Huyu hazikwi," akasema. "Alipita kwetu akala mtama wangu, akanywa maji yangu, akakimbia. Leteni kuku kwanza."

Wagogo ni watani wetu tangu enzi za hiyo misafara yenyewe. Mnyamwezi akifa, mtani ana haki ya kuzuia maiti na kumtukana mpaka apewe kitu, na huruhusiwi kukasirika. Yule bwana aliona msiba, akafanya kazi yake. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, nasi tukaitua machela. Mzee wa Ipuli alicheka mpaka kofia ikamdondoka, naye akatoa senti mfukoni ili amlipe mtani. Ilikuwa heshima ile, alikuwa anatoa kama ndugu wa marehemu. Ila kaka alikuwa amefumba macho. Alichosikia ni mkwe wake akimcheka.

Mgogo akainuka, akamfinya tumbo. "Maiti gani ana kitambi? Mwizi wa kunde, amka ulipe."

Akaamka. Alichomoa mti wa machela, akampiga nao mdomoni. Nilisikia meno. Mimi nikamkamata Mgogo mikono kwa nyuma, nikidhani namvuta atoke, kumbe nimemshikia apigwe. Hakuweza hata kujikinga uso. Kaka akampiga tena, sikio likachanika, tena, jicho likavimba, na damu ikanirukia shingoni. Nilikuwa nimeganda, simwachii. Niliulizwa miaka mingi kwa nini sikumwachia.

Wanaume walitutenganisha. Mgogo alikaa chini akitema meno kiganjani, na kwa mdomo ule ule akasema, polepole, "Mtani, si ungenipa kuku tu."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Ipuli alipanda, akaziweka zile senti kwenye kanga ya mama aliyekuwa akimfuta Mgogo damu, kisha akamgeukia kaka.

"Mwanangu, siku ya msiba wako huyu ndiye angekuja. Umempiga mtu wa kukuzika. Binti yangu atakukosea kila siku, utamfanya nini?"

Kaka aliutazama ule mti mkononi kana kwamba amepewa na mtu, akaulaza taratibu juu ya machela. Nikamwita, "Kaka, subiri." Akashuka jukwaani na lile shuka la maiti bado mabegani, akapita kati ya mabenchi, watu wakimpisha, akatoka mlangoni kwenye jua, akashika njia ya stesheni. Hakurudi tena.