Gari la Kimarekani Mnadani Ruiru

Enzi zetu pale Thika, gari la mtu mmoja lilikuwa jambo la watu wote. Nakumbuka la Kuldip, yule Kalasinga aliyekuwa akitusagia mahindi: jeusi, ndani likinuka petroli na iliki. Mvua ikinyesha linakwama kwa matope, na sisi watoto tunalisukuma: Wanjiru wa Mbugua, Njeri na pacha wake Nyambura, Muthoni kigugumizi, Karanja ambaye baadaye alichukuliwa na surua, na mimi Wambui. Injini ikishika, Kuldip anatupakia sote, tumebanana kama viazi kwa gunia, mpaka mtoni. Mama akiona nguo yangu alisema, "Leo utalala na ng'ombe, akulambe hayo matope."

Sasa juzi mjukuu wangu Kimani akanipeleka mnadani Ruiru. Kulikuwa na gari jekundu limetoka Amerika, na alitaka nikubali tuuze kishamba cha Witeithie ili alinunue. Kishamba ni changu, niliachiwa na marehemu babu yake. Bila neno langu hakiuzwi. Mtu wa kukinunua alikuwa amesimama nasi pale pale, tayari.

"Shosho, ingia kwanza," Kimani akasema. "Ukikaa ndani utakubali tu."

Nikaenda mlango wa kushoto, upande wa abiria, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nikaketi, nikajikuta na usukani kifuani. Haiya! Vijana wakapiga makofi.

"Washa, Shosho! Tupeleke Mwiki!"

Nikashika mkoba wangu, sijui nishuke ama niombe msamaha. Kumbe Wamarekani huendeshea upande huo.

Kimani akaingia upande wa pili, akanyoosha mkono, akaliwasha. Likanguruma mpaka meno yangu ya kuwekwa yakacheza.

"Huko nyuma wanakaa wangapi?" nikauliza.

"Hapo mtu hakai vizuri, Shosho."

"Sasa utabeba nini? Maziwa?"

"Hii si ya kubeba. Ni ya kuiskia tu."

Mpaka leo sijaelewa. Gari unanunua, halibebi watu, halibebi mzigo, unalisikiliza, kama redio? Vijana wa siku hizi wana simu zinazolia mchana kutwa, na bado wanatafuta kelele ya kununua.

Dalali akaanza kuita. Kimani akanitazama, midomo imekauka, macho kama ya mtoto anayengoja kuruhusiwa kwenda kuogelea. Nikatikisa kichwa kukataa. Nyundo ikagonga, gari likaenda na bwana mmoja wa Nairobi mwenye miwani nyeusi.

Kimani hakunigombeza. Alinifungulia mlango wa kigari chake, akanirudisha Thika.

Siku zetu furaha ya jioni moja ilitutosha mpaka mvua nyingine, na hakuna aliyetuuliza tutatoa nini. Kishamba kipo, mahindi yamefika magotini. Lakini Jumapili Kimani hakuja kunywa chai, na mimi nimekaa hapa sijui kama nilimlindia urithi wake, ama nilimnyima kitu kimoja tu ambacho amewahi kuniomba.