Godoro la Bwana Bora

Kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa mashine, katika kiwanda cha sabuni, na kutupa pembeni kila mche uliopinda. Miaka kumi na tisa ya kutupa sabuni ilimvimbisha kichwa, hata wenzake wakambandika jina Bwana Bora. Walikuwa wanamcheka, yeye akalivaa jina kama koti la harusi.

Mama yake alipoteleza bafuni akaumia nyonga, daktari alisema neno moja tu: alale kwenye godoro gumu. Dada yake Bwana Bora, mfua nguo, alitaka kwenda dukani siku ileile.

"Wewe tulia," Bwana Bora akamwambia. "Mama yangu halali kwenye godoro la kubahatisha. Mkubwa ni mimi, niachie."

Akamwachia. Mungu amsamehe.

Bwana mkubwa akanunua daftari. Akazunguka maduka yote, anakandamiza magodoro kwa ngumi huku kaitumbulia macho saa, apime kila moja linachukua muda gani kuinuka. Hili linanuka gundi, lile uzi wa ukingoni umelegea. Wauzaji wakimwona kwa mbali wanakumbuka shughuli nyingine. Na mama, mwezi wa nne huo, yuko juu ya godoro kuukuu lililobonyea katikati kama beseni. Binti akimgeuza, mama anauma upindo wa shuka asipige kelele.

"Kaka, mama kafanya kidonda mgongoni."

"Avumilie. Wiki ijayo yanaingia mapya."

"Sabuni ninayokufulia mashati naitoa wapi?"

"Si ile mibovu ninayokuletea?"

"Haya, hilo shati ulilovaa halijatakata?"

Akafungua daftari.

Dada hakungoja wiki ijayo. Alikwenda duka la jirani, akagonga godoro la kwanza, akaona gumu, akajitwika kichwani mpaka nyumbani. Akamshukuru Mungu njia nzima. Mchana ule mama alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Jioni Bwana Bora akaingia. Hata shikamoo hakutoa. Akashindilia ngumi pembeni ya mama yake, akatazama saa.

"Daraja la pili hili! Mama, usilizoee. Nitakutafutia..."

"Toa mkono, mwanangu," mama akasema, macho kafumba. "Mchagua jembe si mkulima. Na mlango ufunge taratibu, dada yako naye kasinzia."