Samaki Walioshibishwa Matangani

Jumatatu nilisimama kwenye kaunta ya duka la dawa za mifugo, hapa Kinoru mjini Meru, nikaomba dawa ya kusafisha maji ya samaki. Samaki wawili wa marehemu mke wangu hawakuonekana tena ndani ya tangi la kioo. Maji yalikuwa meupe kama uji, na mimi sikuwa na nguvu ya kuzika tena.

"Mzee, unawalisha nini?" muuzaji aliuliza.

"Si mimi. Kila aliyekuja kutupa pole aliwamegea chapati."

Mama aliyekuwa akinunua chakula cha kuku akageuka. "Ulitaka walale njaa nyumba ya matanga? Hiyo ni aibu!"

Muuzaji hakucheka. Alirudisha chupa ya dawa kwenye rafu. "Dawa sikuuzii. Usiwalishe siku mbili. Toa robo ya maji, ongeza yaliyolala kwenye ndoo. Halafu uache kuyakoroga."

"Basi?"

"Basi, mzee. Yatatulia."

Jumamosi niliwaona samaki wote wawili. Sisi watu wa Meru tunajua kulisha huzuni. Kuiacha itulie bado tunajifunza. Jirani alipofika na sahani yake, nilimwambia samaki wameshiba, na mimi pia nimeshiba maneno. Mungu ambariki. Aliketi, akanyamaza nami mpaka chai ikapoa.