Mama aliyeninyonyesha anataka nifute kesi ya ndimu zetu

Admin, ficha jina langu na picha yangu usiweke. Ila Rhamu ni mji mdogo, wanaonijua watanijua tu, na kwa hasira niliyonayo leo sijali sana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Niliolewa nikaachika, sina mtoto, na sina kaka wala dada wa tumbo moja. Naishi na mama yangu kwenye shamba dogo kando ya mto Daua. Baba alifariki akatuachia sehemu ya kulima vitunguu na miti mitatu ya ndimu, pale mpakani na jirani. Hizo ndimu ndizo zinazonunua dawa za mama tangu apate kiharusi. Maneno yake siku hizi hayatoki vizuri, mimi tu ndiye ninayemwelewa.

Jirani yetu nimezoea kumwita Hooyo. Hooyo kwetu ni mama, na huyu ni mama yangu kweli. Nilipozaliwa mama aliugua sana, maziwa yakakauka. Hooyo alikuwa na mtoto mchanga, nitamwita Salat, akatunyonyesha wote wawili. Kwa dini yetu Salat ni kaka yangu. Hawezi kunioa, anaingia kwetu kama kwao, na mbele yake sijawahi kufunika kichwa. Ndiyo maana kati ya shamba letu na lao hapakuwa na karatasi hata moja. Baba alikuwa akisema kuandikishana na watu kama hao ni matusi. Mpaka wetu ulikuwa ua wa miiba, basi.

Mto ulipofurika ukaubeba ule ua wote. Wakati huohuo mama akaanguka, nikampeleka hospitali Garissa, tukakaa huko miezi miwili. Salat akanipigia simu: "Abaayo, dada yangu, wewe shughulika na mama. Ua nitajenga mimi." Nililia kwa furaha. Nikamwombea dua ndefu hapo hapo kwenye simu. Mjinga mimi!

Tuliporudi nikakuta nguzo na seng'enge mpya inang'aa, na miti yote mitatu iko upande wake. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya mti anachuma, gunia limefika nusu.

"Salat, hii nini?"

"Baba yako, kabla hajafa, alimpa marehemu baba yangu hiki kipande. Hooyo alikuwepo, kamuulize."

"Baba agawe miti inayomtunza mama yangu, na mimi nisiambiwe?"

"Wewe umenyonya kwetu, abaayo. Leo unatunyima hatua nne za udongo?"

Damu ilinichemka. Maziwa niliyonyonya nikiwa sijui hata jina langu, leo ndiyo ninayosutwa nayo? Nikavuta mtandio wangu, nikajifunika mpaka kidevuni mbele yake, kama mbele ya mwanamume yeyote wa barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani. Wallahi alishtuka kuliko kama ningempiga kofi. Sijutii.

Nikapeleka kesi kwa wazee. Karatasi hakuna, mama hawezi kujieleza, kwa hiyo wakasema shahidi pekee ni Hooyo. Aje Ijumaa baada ya swala, aapishwe kwa Msahafu. Nilifurahi! Yule mama akipitiwa na swala moja hapati usingizi. Nikajua ukweli utatoka.

Jana mchana, jua kali na watu wamejilaza, akaja mwenyewe na fimbo yake. Alizunguka kote barabarani kwa sababu seng'enge ya mwanawe imeziba njia aliyokuwa akipita kuja kwetu. Akakaa, akanishika mkono, hakuzungusha maneno.

"Ndimu ni zenu. Baba yako hakumpa mtu chochote."

"Basi sema hivyo Ijumaa, Hooyo."

"Nikisema hivyo nimemwita mwanangu mwizi mbele ya watu. Nala kwake, nalala kwake. Na nikiapa uongo, kwa umri huu, nitamjibu nini Mwenyezi Mungu? Futa kesi, mwanangu. Usiniapishe. Nakuomba kwa maziwa yangu."

Mbona asiende kumwomba Salat arudishe ua mahali pake? Anamwogopa mwanawe, anamwogopa Mungu, lakini mimi haniogopi kwa sababu anajua nampenda. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Nikamwambia, "Kama ningejua maziwa yako yana bei hii, heri ungeniacha nife na njaa." Aliokota fimbo yake akaondoka, na mimi sikumsindikiza.

Nikifuta kesi, mama yangu atakosa dawa, na Salat atatembea mjini akisema mimi nilikuwa mwongo. Nisipofuta, Ijumaa nitakaa mbele ya mwanamke aliyeniokoa, nimtazame akiweka mkono juu ya Msahafu na kuchagua kati ya mwanawe na akhera yake. Na mimi namjua. Naogopa atamchagua mwanawe.

Leo asubuhi Hooyo ametutumia beseni la ndimu. Ndimu zetu! Nilitaka nizimwage pale mlangoni, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Akachukua moja, akainusa, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki, kisha akalitaja jina la Hooyo sawasawa, bila kukwama. Hajui chochote kuhusu kesi hii. Anadhani rafiki yake amemkumbuka.

Ijumaa ni kesho kutwa. Wa kuniambia nisamehe tu, kwanza aniambie dawa za mama zitatoka wapi. Ninyi wengine nishaurini, jamani: nimwache aape, au nifute kesi? Nifanye nini?