Bass Aliyekataa Kuondoka

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Mei, miaka ile ya tisini, ambayo hainitoki kichwani hadi leo. Ngoja nikusimulie. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, nijibu, mradi unasikiliza.

Nilikuwa mwanafunzi hapa Minneapolis, na wikendi nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Bloomington. Aliyenitafutia kazi hiyo ni Baba Nekesa, mtu wa Bungoma. Alikuwa amemwacha mke na watoto nyumbani, na kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji alikuwa amekaa miaka saba bila kuwaona. Mei hiyo mama yake alifariki, naye hakuweza kwenda kumzika. Watu wetu wakawa wanajaa kwake kila jioni kuomba na kukaa naye. Siku ya tatu akaniambia, "Kijana, twende ziwani tukavue. Hii nyumba inaninyonga."

Msimu wa kuvua samaki aina ya pike ulikuwa umefunguliwa, lakini wa bass, samaki mwingine wa huku, ulikuwa bado. Baba Nekesa akanifungia waya mfupi mbele ya ndoana, kwa kuwa pike ana meno ya kukata uzi, akanipa chambo kikubwa cha bati.

"Tupa kule ndani, karibu na majani," alisema. "Huku kando usitupe. Bass wako kwa viota, na season yao bado. Ukishika mmoja kwa bahati mbaya, mrudishe haraka."

Kisha akaenda upande wa pili wa ziwa kukaa peke yake.

Nilitupa mpaka mkono ukauma, sikupata kitu. Nikaanza kuwafikiria wageni wa jioni. Kwetu huendi matangani mikono mitupu, na samaki ukishampata humrudishi majini, watu watadhani umerukwa na akili. Hapo kando, juu ya mchanga, nikamwona bass mnene ametulia juu ya kishimo kilichosafishwa vizuri, kiota chake. Nikabadilisha chambo, nikamtupia kingine kidogo. Hakukimbia. Alikirukia palepale, nami nikamficha kwenye begi, chini ya koti.

Jioni nikamtoa jikoni kwa Baba Nekesa, akina mama wakisonga ugali. Nilingoja kusifiwa. Baba Nekesa alimtazama yule samaki kwa muda.

"Huyu umemtoa kwa kiota?"

"Nilitaka wageni wapate kitu, Mzee."

"Wageni wangekula sukuma."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Samaki yule hakupikwa.

Kesho yake asubuhi alinirudisha pale pale. Visamaki vidogo vilikuwa vimejaa kwenye kile kishimo, vichwa chini, vinamalizia mayai.

"Bass dume ndiye hukaa na mayai," alisema. "Mama huenda zake. Huyu wako alikataa kuondoka, ndiyo sababu ulimpata rahisi hivyo." Akageuka kutazama maji. "Mimi niliondoka."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia, hata habari za mama yake zilipofika. Nilisimama kando yake na fimbo yangu ya kuvulia.

Hatukwenda kuvua pamoja tena. Miaka mitatu baadaye alifia hapa hapa, kabla makaratasi hayajatoka. Nilibeba jeneza lake. Msamaha sikuwahi kumwomba, na hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda ziwani wakati huu wa mwaka, vua pike: chambo kikubwa, waya, maji ya ndani. Bass mwache na mayai yake mpaka msimu wake ufike, hata kama hakuna anayekuona. Na ukimwendea mfiwa, usiende kutafuta sifa. Mimi nilizitafuta, nikajidanganya kwamba ninasaidia. Ukikosea, omba msamaha mtu akiwa bado anakusikia.

Mungu akuweke karibu na watoto wako, wakue mbele ya macho yako, mpaka wakuchoke wao wenyewe.