Mwanamke wa Makaa Sebuleni kwa Meneja

Juzi, kwenye jumba la makumbusho, niliona picha ya bibi mmoja wa Kizungu iliyochorwa kwa makaa karne ya kumi na tisa. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Kericho, mama akifanya usafi nyumbani kwa meneja wa shamba la chai.

Mvua ilipiga mabati na sebule ilinukia nta ya sakafu. Ukutani palikuwa na picha kama hiyo: mwanamke mzee aliyejifunga leso kichwani, uso mweusi. Sikujua kwamba makaa humfanya kila mtu mweusi.

"Mama, mbona wamemweka Nyanya hapa?"

Nyanya, mama yake mama, alikuwa amefariki kwetu Kisii, na hakuwahi kupigwa picha.

Mama alicheka. "Huyo ni Mzungu wa zamani, wa ukoo wa meneja." Kisha akasogea karibu na picha, tambara mkononi, akaikazia macho.

"Wanafanana mdomo ama macho?" akaniuliza.

"Ni vile anaangalia. Kama ameona umechoka."

Mama aliketi kwenye kiti cha meneja, akaanza kulia. Nilidhani nimemkosea. Lakini alinivuta, akanipakata, tukamtazama yule mwanamke wa pichani pamoja.