Mama Mkwe na Kibao Changu cha Vitabu

Jamani, hili ninalisimulia kwa aibu, lakini kijijini kwetu Gare wote wameshalisikia, na afadhali mlipate kwangu kuliko kwa wifi yangu, maana yeye analitia chumvi.

Dada yangu aliniletea kibao cha kusomea vitabu, kile cha kijivu, mfano wa simu kubwa isiyopiga (chaji inakaa wiki kadhaa, lakini picha za rangi usahau, na ukikibonyeza kinafikiri kwanza kama karani wa ofisi). Nikatia humo kitabu cha magonjwa ya viazi, na kingine, Mungu anisamehe, cha namna ya kuishi na mama mkwe mgumu, nikawa nakisoma jikoni huku napiga mistari na kuandika maoni yangu pembeni.

Sasa, mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha mbogamboga, na siku zile alikuwa anaamua nani ampe kipande chake cha shamba cha bondeni chenye maji mwaka mzima, mimi au wifi yangu. Nilikitaka kile kipande mpaka nakiota. Kwa hiyo alipolalamika kwamba haoni tena maandishi ya vitabu, nikajitia mkamwana mwema, nikamwambia, "Shikamoo mama, chukua changu, herufi unazikuza utakavyo." Vingekuwa vya karatasi ningempa kimoja na kingine ningekificha chini ya godoro, lakini kibao hakigawanyiki, ukiazimisha kitabu kimoja umeazimisha kabati zima.

Siku ya kikao cha kikundi akasimama mbele ya akina mama wote kutusomea kile cha viazi, herufi kazikuza mpaka ukurasa unabeba maneno kumi tu, kwa hiyo kila baada ya pumzi moja lazima afunue mwingine. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, na tena (vidole vya baridi ya Julai), mara kibao kikazinduka, kikatii yote kwa mpigo, kikatoka kwenye viazi kikafungua kile kingine, pale pale nilipoishia.

Naye, kwa sauti ile ile ya darasani, akasoma: "Mama mkwe wa namna hii hufika bila taarifa na kufunua masufuria." Akasogeza miwani. "Na hapa pembeni pameandikwa, 'Huyu ni wangu kabisa. Ijumaa kafunua hadi la maji ya kuoga.'"

Wifi yangu alicheka hadi khanga ikamdondoka. Mimi nikainama chini ya benchi, nikijifanya natafuta kiatu ambacho nilikuwa nimekivaa.

"Mama Neema," akaita mama mkwe, hana hata tabasamu, "njoo utusomee kinachofuata, macho yangu yamechoka."

Nikasoma sura nzima nimesimama, pamoja na maoni yangu yote, naye yuko begani kwangu, na nilipojaribu kuruka moja akaniambia taratibu, "Rudi nyuma, hapo umeruka."

Tulipomaliza akatangaza kwamba cha bondeni amempa wifi. "Na wewe, Mama Neema, nakupa kile cha nyuma ya jiko langu, ili nikukague bila kupanda mlima."

Nimekipokea kwa mikono miwili, ningefanyaje. Nimeapa pia kwamba maoni yangu kuhusu watu siandiki tena popote, nayameza. Kibao bado anacho yeye, anasema hajakimaliza.